Mizani Baada ya Miaka Mitano

Mwaka 1956 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alichapisha hesabu za damu kutoka Wilaya ya Musoma, Tanganyika. Miongoni mwa watoto wachanga 287 waliopimwa, 9 walikuwa na ugonjwa ambao leo vitabu vinauita selimundu na mitaani kila mtu anaujua kwa jina la siko seli. Miongoni mwa watu wazima 654, wagonjwa walikuwa 5 tu. Kama wote waliozaliwa nao wangefika utu uzima, kundi hilo la watu wazima lingekuwa na wagonjwa wapatao 20. Allison alikuwa anatafuta jibu la swali la kisayansi: kwa nini kinasaba kinachoua watoto hakitoweki? Jibu lake, kwamba anayekirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, limeingia katika vitabu vya vyuo vikuu dunia nzima. Kwetu sisi wa Iringo, Bunda na Butiama hesabu ile ni kumbukumbu ya msiba. Pengo la wale 15 ni makaburi ya watoto, na wengi wao walizikwa bila wazazi kuambiwa kilichowaua.

Ugonjwa wenyewe haujahama. Mwaka 2020 watafiti wa Hospitali ya Bugando na wenzao walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto wachanga kutoka mikoa 9 ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, mkoa wetu wa Mara ukiwamo: takriban mtoto mmoja kati ya watano alikuwa amebeba kinasaba, na watoto 12 hivi kati ya kila 1,000 walikuwa na ugonjwa kamili. Kilichobadilika ni kwamba wanaoishi wameongezeka. Wana vyandarua, wana dawa mseto ya malaria, na tangu 2013 chanjo ya nimonia imo katika ratiba ya kliniki zetu. Baadhi wanapata pia haidroksiurea, dawa ya selimundu yenyewe. Mtoto aliyenusurika anapaswa kukua, na hapo ndipo tulipozubaa. Tunashukuru kwamba yu hai, kisha hatuulizi kwa nini ana miaka 11 na mwili wa mtoto wa miaka 8. Hoja yangu ni kwamba uzito wa mtoto mwenye selimundu usichukuliwe kama alama ya malezi wala kama deni la kulipwa kwa sahani kubwa zaidi. Uzito ni habari za ugonjwa wenyewe. Unapaswa kupimwa pamoja na urefu katika kila ziara ya kliniki hadi mtoto amalize kubalehe, na kila unaposimama au kushuka, tiba itazamwe kabla ya chungu.

Nina sababu. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima mwenye afya huishi siku kama 120. Ya mwenye selimundu huishi kati ya siku 10 na 20. Uboho wa mifupa yake kwa hiyo unafanya kazi usiku na mchana kutengeneza damu ambayo itavunjika kabla ya mwezi kuisha, na moyo nao unapiga kwa nguvu zaidi ili damu hiyo haba itosheleze mwili mzima. Kazi hiyo inakula chakula. Vipimo vilivyofanywa kwa watoto wenye ugonjwa huu, wakiwa wamelala tu bila kucheza, vimeonyesha kwamba miili yao hutumia nguvu zaidi kuliko ya wenzao, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20. Mtoto wa namna hiyo ni kama mtumbwi unaovuja: anaweza kulishwa sawasawa na wengine na bado akabaki nyuma, kwa sababu sehemu ya alichokula imetumika kabla haijafika kwenye misuli na mifupa. Juu ya hayo kuna siku za maumivu, ambapo hamu ya kula hukata, wakati mwingine kabla hata maumivu hayajaanza. Kuna bandama iliyovimba na kulibana tumbo, mtoto akashiba baada ya matonge matano. Kuna malaria, ambayo kwa mwenye ugonjwa kamili haina huruma yoyote. Ile kinga aliyoigundua Allison ni ya mwenye kinasaba kimoja tu. Na huku pwani ya ziwa kuna kichocho na minyoo, vinavyokula damu ambayo tayari haitoshi.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili kusikilizwa vizuri. Watu husema: huu ni umaskini tu. Mara ni mkoa wa wavuvi na wakulima wa muhogo. Kaya nyingi zinakula mara mbili kwa siku. Mpeni mtoto chakula, atanenepa, na habari za uboho waachieni maprofesa. Sikatai kwamba njaa ipo. Nakataa kwamba inaeleza yote. Katika nyumba ileile ndugu wawili hula sufuria moja, mmoja akarefuka na mwingine akabaki. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, ambako tangu 2004 wagonjwa wa selimundu wamekuwa wakifuatiliwa kwa miaka mingi, ulionyesha jambo hilo kwa hesabu. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kudumaa na kukonda kumezidi kwa wagonjwa kuliko kwa wenzao wasio na ugonjwa, pengo likiwa kubwa zaidi kwa walio katika umri wa kubalehe, na hasa wavulana. Waliokonda ndio pia waliolazwa hospitali zaidi. Kwa uaminifu niseme kwamba utafiti huo haukuona kukonda kukiambatana na vifo, kwa hiyo simtishi mzazi yeyote kwamba mtoto mwembamba anakaribia kufa. Ninachosema ni kwamba kukonda kwake kuna chanzo kilicho ndani ya damu, na anayempa lawama mama mtu amekosea anwani. Lawama hizo zipo, na zinaumiza. Mama wa mtoto mwenye selimundu husikia kwa mawifi, kwa majirani na hata foleni ya kliniki kwamba hajui kulea, na wengine huambiwa mtoto amerogwa. Mama aliyeaibishwa hivyo huanza kukwepa mizani, na mizani ndiyo tunayoihitaji.

Wapo wanaokwenda upande wa pili kabisa. Kwao wembamba ni maumbile ya watoto hawa: miguu myembamba, macho ya njano, ndivyo walivyo, na watakuja kukua baadaye. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Kubalehe kwao huchelewa, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili, na wengi hurefuka baada ya wenzao kusimama, hivyo kijana wa miaka 15 asiye na ndevu hana haja ya kukata tamaa. Lakini kuchelewa na kusimama ni vitu viwili, na huwezi kuvitofautisha kwa macho. Mtoto anayechelewa anaongeza kilo polepole, na mstari wake kwenye chati unapanda ukiwa chini ya wa wenzake. Aliyesimama mstari wake ni bapa kwa miezi sita, na hilo lina sababu inayoweza kutafutwa: damu imeshuka kuliko kawaida yake, kuna maambukizi yaliyojificha, dozi haitoshi, dawa haimezwi. Isitoshe, maumbile haya yanabadilika yakitibiwa. Muhimbili iliwapa watoto wenye selimundu chakula cha ziada kilicho tayari kuliwa, kile cha karanga na maziwa kilichoongezwa virutubisho, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na ukuaji wao ulipanda. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2001 uliona kwamba watoto waliokuwa kwenye haidroksiurea walitumia nguvu pungufu wakiwa wamepumzika kuliko wasioitumia. Kinachosemwa ni hulka kumbe ni gharama ya ugonjwa, na gharama inaweza kupunguzwa.

Haidroksiurea inanirudisha kwenye mizani kwa njia nyingine, ya moja kwa moja kabisa. Dawa hii hupimwa kwa kilo. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto 606, na kuchapishwa mwaka 2019, walioanza kutumia haidroksiurea walipungukiwa na maumivu na uhitaji wa kuongezewa damu. Malaria ilishuka kwa nusu hivi, na vifo vilishuka pia. Mwaka uliofuata utafiti wa Uganda ulionyesha kwamba kupandisha dozi hatua kwa hatua, kwa kufuata vipimo vya damu, kunaleta matokeo mazuri kuliko kumwacha mtoto kwenye dozi ileile. Sasa fikiria mtoto aliyeanzishiwa dawa akiwa na kilo 15, akaongezeka hadi kilo 20 kwa sababu dawa imemfaa, halafu akaendelea kupewa idadi ileile ya vidonge kwa mwaka mzima kwa vile hakuna aliyempima tena. Dozi yake imeshuka kwa robo bila mtu kuipunguza. Maumivu yakirudi, familia itasema dawa imeshindwa. Kupima kilo hapo ni sehemu ya tiba, sawa na kidonge chenyewe.

Nije kwenye chungu, maana nimekitaja vibaya na sikukusudia kukidharau. Mara si jangwa la lishe. Ugali wa muhogo unashibisha upesi lakini protini yake ni haba mno, na kwa mtoto ambaye bandama inambana tumbo, kushiba upesi kwa chakula hafifu ni hasara mara mbili. Dawa ya hilo inaanikwa kwenye mchanga kila asubuhi kando ya ziwa. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo humpa mtoto protini, chokaa na zinki kwa mkupuo mmoja. Akisafishwa, akakaangwa kavu na kusagwa, kijiko kimoja au viwili huingia kwenye uji wa ulezi bila mtoto kulalamika. Karanga zilizopondwa na mafuta kidogo huongeza nguvu bila kuongeza ujazo. Maziwa ya mgando yapo Butiama na Bunda kwa wafugaji. Inaniuma kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili huishia kwenye chakula cha kuku wakati watoto wa mialoni wanakula ugali na mboga peke yake. Mtoto wa namna hii ale kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani mbili za kutisha. Anywe maji mengi lakini si dakika tano kabla ya kula. Na baada ya siku za maumivu, wiki mbili zinazofuata ziwe za kumlisha zaidi, kwa sababu ndizo za kurudisha kilichopotea.

Katika habari za chakula kuna kosa moja linalofanywa kwa mapenzi makubwa. Mtoto akionekana mweupe viganjani, ndugu huleta chupa ya dawa ya kuongeza damu kutoka duka la dawa, na nyingi kati ya hizo zina madini ya chuma. Upungufu wa damu wa selimundu hautokani na kukosa chuma. Chembe zikivunjika, chuma chake hubaki mwilini, na mtoto aliyeongezewa damu mara kwa mara hukusanya chuma hadi kikadhuru ini na moyo. Wapo watoto wenye selimundu ambao pia wamepungukiwa chuma, kwa sababu ya minyoo au mlo, lakini hilo huthibitishwa kwa kipimo. Wanachoandikiwa wengi ni foliki asidi, ambayo uboho unaihitaji kutengeneza chembe mpya. Rozela na kisamvu ni vyakula vizuri na sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni na pesa ya dagaa inayokwenda kununua chupa.

Mtu makini atauliza: na mizani yenyewe je, haidanganyi? Inadanganya. Bandama ya mtoto mwenye selimundu inaweza kujaa damu ghafla, kwa saa chache, tumbo likavimba upande wa kushoto na mtoto akaishiwa damu huku kilo zake zikibaki palepale. Anayetazama namba tu ataridhika na mtoto aliye hatarini. Jamaica walilijua hili mapema: miaka ya 1970 na 1980 wazazi wa Kingston walifundishwa kuipapasa bandama ya mtoto nyumbani na kumkimbiza hospitali ikikua, na vifo vya aina hiyo vikapungua sana. Hakuna sababu mama wa Nyasho au Kibara asifundishwe hivyo hivyo. Kinachohitajika ni vidole na muuguzi wa kumwonyesha. Huku kwetu kuna ugumu wa ziada, kwani kichocho na malaria ya mara kwa mara navyo huvimbisha bandama, na mtoto mwenye tumbo kubwa amezoeleka kiasi kwamba hashtui mtu. Ndiyo maana nasisitiza urefu na mzunguko wa mkono vipimwe pamoja na kilo. Tumbo linaweza kubeba uzito wa uongo. Mkono mwembamba hauwezi kuuficha.

Shida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni tarehe. Kadi ya kliniki ya mtoto inaisha akifika miaka mitano. Kwa watoto wengi hilo halina madhara makubwa. Kwa mwenye selimundu ni kumwacha njiani, kwa sababu pengo kati yake na wenzake hupanuka baada ya hapo na kufika kilele wakati wa kubalehe. Utepe wa kupimia mkono unaotumiwa na wahudumu wa afya wa vijiji nao umewekewa alama kwa ajili ya walio chini ya miaka mitano. Kwa hiyo mtoto huanza darasa la kwanza, mizani inaondoka maishani mwake, na mara nyingine anayoipanda ni siku amelazwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za ukuaji za miaka 5 hadi 19 mwaka 2007. Karatasi ipo, kinachokosekana ni mazoea ya kuijaza. Wapo watakaosema wauguzi wamezidiwa, foleni ni ndefu, na hospitali ya rufaa ya Kwangwa haiwezi kumhudumia kila mtoto wa mkoa. Ni kweli, na ndiyo sababu siombi daktari bingwa. Kupima kilo na urefu huchukua dakika tatu, kunaweza kufanywa katika zahanati au shuleni, na daftari la kurasa 40 linatosha miaka kumi. Mwalimu wa afya anaweza kupima kila mwanzo wa muhula. Mwalimu huyohuyo anaweza kusaidia mambo mengine mawili yanayogusa uzito: kumruhusu mtoto atoke kwenda haja, kwani figo za wagonjwa hawa hutoa mkojo mwingi na mtoto anayekatazwa kutoka huacha kunywa maji; na kuhakikisha anakula kitu kabla ya saa nne. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila chakula na kurudi saa tisa alasiri amekaa na njaa muda ambao mwili wake haumudu, hata kama darasa zima limekaa hivyo. Pale wazazi wanapochangia mahindi na maharage ya makande, mzazi wake achange kama wengine, lakini kikombe chake cha uji kitangulie.

Kuna hofu moja ya mwisho, na kwa Musoma mjini si ya kubuni. Je, kwa kuhimiza kilo hatutengenezi vijana wanene wa soda na chipsi? Marekani, ambako matibabu yamefika kwa wengi, tayari sehemu isiyo ndogo ya watoto wenye selimundu ina uzito uliozidi, na ugonjwa huu hauvumilii mzigo. Damu ikizuiwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa hufa polepole, na kila kilo ya mafuta inaukandamiza zaidi. Mafuta pia hayajengi uboho wala hayarefushi mifupa. Hoja ya kupima urefu pamoja na uzito inapata nguvu zake zote hapa. Kilo zinazopanda sambamba na sentimita ni ukuaji. Kilo zinazopanda peke yake, urefu umesimama, ni soda, na jibu lake ni kubadili kinachonunuliwa dukani, kutembea kwa kiasi na kupumzika kabla ya kuchoka, wala si kumnyima chakula mtoto ambaye anaweza kuingia kwenye maumivu kesho. Binti anayeanza kulalamika nyonga akiwa kidato cha kwanza anahitaji daktari atakayetazama miaka mitano iliyopita ya namba hizo. Kijana anayehamia bweni Mwanza au Dodoma aondoke na daftari lake begini, kwa sababu atakayempokea huko hana njia nyingine ya kujua kama kilo 38 alizonazo ni mwendo wa kupanda au wa kushuka.